Umeme umerudi Tabora, lakini draya imegoma

MVUA zikianza kunyesha Tabora mwezi Novemba, wenye gesti, madobi na wenye saluni hupambana na mambo mawili kwa wakati mmoja. Nguo hazikauki kambani, na umeme hukatika mara kwa mara kutokana na radi, upepo na matawi ya miti yanayoangukia nyaya.

Mfanyabiashara aliyenunua mashine ya kukaushia nguo, maarufu kama draya, anaihitaji zaidi katika miezi ileile ambayo umeme wake ni wa kubahatisha.

Kuanzia Mei hadi Oktoba mashine hiyo haina kazi kubwa. Jua la Unyamwezi hukausha shuka kwa saa chache bila kudai hata senti tano. Maana yake ni kwamba mtaji uliowekwa kwenye draya unategemea kurudi katika miezi mitano au sita tu ya mwaka, na kila siku ambayo mashine imesimama ndani ya miezi hiyo inauma.

Wapo wakulima mkoani humu ambao wakishalipwa fedha za tumbaku hujenga gesti ya vyumba vichache au hufungua sehemu ya kufulia nguo mjini. Fedha hizo huingia wakati wa kiangazi, kwa hiyo hata mashine hununuliwa kiangazi. Inajaribiwa siku moja mbele ya muuzaji, kisha inafunikwa shuka hadi mvua zije. Inapogoma kwa mara ya kwanza, huenda hata waranti ya duka imekwisha.

Habari njema ni kwamba draya iliyogoma baada ya umeme kukatika na kurudi si lazima iwe imeungua. Mara nyingi kuna kifaa cha usalama ndani yake, au ukutani, ambacho kimefanya kazi yake tu. Mwenye mashine asiyejua hilo humwita fundi kwa jambo ambalo angelimaliza mwenyewe kwa dakika kumi. Na fundi asiye mwaminifu akikuta mwenye mashine hajui lolote, atamuuzia kifaa kipya kwa kosa la kibonyezo kimoja.

Katika njia hii nguo haijawahi kuwa jambo dogo. Enzi za misafara iliyotoka Bagamoyo kupitia Mpwapwa na Ugogo hadi Tabora, kisha Ujiji, kitambaa kilikuwa ndiyo fedha. Wapagazi walibeba merikani na kaniki, na kwa vitambaa hivyo msafara ulinunua chakula na kulipa hongo kwa watemi. Mzigo wa mpagazi uliitwa mtumba, neno ambalo leo tunalitumia kwa nguo zilizokwishavaliwa.

Richard Burton na John Speke walifika Kazeh, yaani Tabora ya wakati huo, Novemba 1857, mvua zikikaribia. Mzigo wa vitambaa uliolowa mvuani au mtoni ilibidi ufunguliwe na kuanikwa, maana ukungu ukiingia kwenye merikani thamani yake inashuka. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na wapagazi wakaondoka barabarani. Lakini mwenye gesti wa Manyoni, Urambo au Kaliua bado anaujua wasiwasi wa shuka mbichi wakati wageni wanashuka kwenye treni.

Umeme ukikatika, toa nguo kwanza

Kabla ya kuzungumzia umeme kurudi, tuzungumzie dakika ile unapokatika, kwa sababu hapo ndipo penye hatari kubwa kuliko zote.

Draya ina hita inayopasha hewa joto na feni inayoisukuma hewa hiyo kupita kwenye nguo. Dakika za mwisho za kazi, hita huzima na feni huendelea, ili nguo zipoe kabla ya kusimama. Umeme ukikatika katikati, hatua hiyo ya kupoza haipo. Nguo zinabaki zimerundikana ndani ya pipa zikiwa na joto kali, na hita nayo bado ina moto wake.

Kwa shuka safi za pamba hatari si kubwa sana. Kwa taulo za saluni zenye mafuta ya nywele, vitambaa vya jikoni vyenye mafuta ya kupikia au nguo za gereji, hali ni tofauti. Mafuta yaliyobaki kwenye kitambaa hujipasha yenyewe ndani ya rundo la moto hadi kitambaa kiwake, wakati mwingine saa kadhaa baadaye, watu wakiwa wamelala. Nguo za namna hiyo hazifai kuingia kwenye draya kabisa, hata kama zimefuliwa.

Kwa hiyo umeme ukikatika, fungua mlango, toa nguo zote na uzitandaze. Usiziache ndani kwa matumaini kwamba umeme utarudi sasa hivi. Kama ni usiku tumia tochi, usisogeze kibatari wala mshumaa karibu na chujio la mashine, maana vumbi la nyuzi lililojikusanya pale huwaka kama pamba.

Kisha rudisha kitufe cha saa kwenye sifuri, zima swichi ya ukutani na chomoa plagi. Zipo mashine za zamani zenye saa ya kuzungusha ambazo umeme ukirudi saa nane za usiku zinaendelea zenyewe pale zilipoishia, hakuna mtu wa kuziangalia.

Kuchomoa plagi kuna faida ya pili. Umeme unaporudi hauji umetulia. Kila friji, mota na feni ya mtaa mzima huanza kuvuta kwa pamoja, na msukumo wa umeme hupanda na kushuka kwa muda. Vipande vya elektroniki vya draya za kisasa havipendi hali hiyo. Subiri dakika tano hadi kumi, angalia kama taa za ndani zinawaka sawasawa, ndipo uchomeke.

Anza nje, ingia ndani taratibu

Umeme umerudi, umesubiri, umechomeka, na mashine haiwaki kabisa. Usiiguse bado. Anza na mtaa.

Je, jirani ana umeme? Nyaya za mtaani hubeba fezi tatu, na mara nyingi baada ya dhoruba fezi moja hubaki imekatika. Utaona nyumba hii inawaka na ile haiwaki. Kama wewe uko kwenye fezi iliyokatika, tatizo si la mashine yako na dawa yake ni kutoa taarifa Tanesco.

Kuna dalili moja ambayo msomaji asiipuuze hata kidogo. Ukiona baada ya umeme kurudi baadhi ya taa zinawaka kwa ukali usio wa kawaida na nyingine zimefifia, zima swichi kuu ya nyumba mara moja. Huenda waya wa nyutro umekatika. Hapo vifaa vilivyotengenezwa kwa volti 230 vinaweza kupigwa na umeme unaokaribia volti 400, na ndani ya dakika chache televisheni, friji na draya vyote vinakwenda kwa pamoja.

Kama mtaa uko salama, angalia mita ya LUKU. Inachekesha kuitaja, lakini uniti zikiisha usiku ule ule umeme ulipokatika, mtu anaweza kukaa asubuhi nzima akilaumu dhoruba.

Halafu nenda kwenye boksi la breka. Breka iliyojikata haishuki chini kabisa kila mara, nyingine hubaki katikati na ukiitazama haraka unadhani imewaka. Ishushe hadi mwisho, kisha ipandishe. Ikikubali, vizuri. Ikijikata tena papo hapo draya ikiwa imechomekwa, chomoa draya na ujaribu mara moja zaidi. Breka ikitulia bila draya, hitilafu iko kwenye mashine. Ikiendelea kujikata hata bila draya, hitilafu iko kwenye nyaya za nyumba. Ukishajua hilo, umeshamwokolea fundi saa nzima ya kutafuta, na wewe gharama yake. Usiifunge breka kwa waya ili isishuke. Inashuka kwa sababu.

Kinachofuata ni soketi. Chomeka kifaa kingine pale pale, kwa mfano pasi. Pasi ikipata moto, soketi ni nzima. Ukiona plagi ya draya imebabuka au imebadilika rangi kuwa kahawia, usiendelee kuitumia. Draya ya wati 2,500 huvuta takriban ampea 11 kwa saa nzima mfululizo, mzigo ambao soketi legelege haiuwezi. Adapta na waya wa kurefushia wa bei rahisi havifai kabisa kwa mashine hii.

Plagi zetu za miguu mitatu zina fyuzi ndani. Ifungue, toa fyuzi, weka nyingine ya ampea 13. Kuna watu huizungushia karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Mashine itawaka kweli, ila siku umeme mkubwa utakapokuja hakutakuwa na kitu cha kuuzuia.

Mashine yenyewe inasema nini

Kama umeme unafika hadi kwenye plagi na bado kuna tatizo, sikiliza na utazame. Draya iliyogoma ina tabia zake, na kila tabia ina maana yake.

Taa za mashine zinawaka lakini pipa halizunguki na hakuna sauti. Hii ndiyo nyepesi kuliko zote. Draya nyingi zimetengenezwa zisiendelee zenyewe baada ya umeme kukatika, kwa usalama. Funga mlango hadi usikie unabana, chagua upya aina ya nguo, bonyeza kitufe cha kuanzia na ukishikilie kidogo. Angalia pia kama alama ya kufuli imewaka. Hiyo ni kinga ya watoto, na huondolewa kwa kushikilia kitufe chake sekunde chache.

Taa zinapepesa ovyo au namba zimeganda. Kompyuta ndogo ya mashine imechanganyikiwa. Chomoa plagi kwa dakika tano hivi, kisha chomeka na uanze upya. Mara nyingi inatosha.

Mashine inanguruma lakini pipa halizunguki. Zima mara moja, usisubiri. Mota inayonguruma bila kuzunguka inavuta umeme mwingi na inapata moto kwa haraka, na hapo ndipo zinapoungua. Sababu inaweza kuwa umeme mdogo, kapasita iliyokufa au mkanda uliokwama. Ukishachomoa, zungusha pipa kwa mkono. Likizunguka jepesi kupita kiasi, mkanda umekatika. Likiwa gumu, kuna kitu kimekwama. Likiwa la kawaida, shuku umeme mdogo au kapasita. Kapasita ni kazi ya fundi, kwa sababu hubaki na umeme ndani yake hata baada ya kuchomoa plagi.

Kwa wenye mashine kubwa za fezi tatu, kama zile za mahoteli na hospitali, mngurumo huo karibu kila mara unamaanisha fezi moja haipo. Wenye mashine za kukoboa mpunga Igunga na Nzega wanaijua hali hii vizuri. Mota ya fezi tatu iliyolazimishwa kufanya kazi kwa fezi mbili huungua, na kuisuka upya si bei ndogo. Kipo kifaa kidogo kinachofungwa kwenye boksi la umeme ambacho hukata mota yenyewe fezi moja ikipotea. Kwa maoni yangu mwenye mota ya fezi tatu asiye na kifaa hicho anacheza kamari, iwe anakausha shuka au anakoboa mpunga.

Pipa linazunguka, joto halipo

Hili ndilo tatizo linalofuatana hasa na kukatika kwa umeme, na ndilo linalowafanya watu wengi wadhani hita imeungua.

Nimeeleza kwamba umeme ukikatika feni husimama lakini hita bado ina moto. Hewa haipiti tena, joto linajikusanya pale pale, na kifaa cha kuzuia joto kupita kiasi kilicho karibu na hita kinakata njia ya umeme wa hita. Umeme ukirudi mota inazunguka kama kawaida, saa inahesabu, na baada ya dakika arobaini unatoa shuka zikiwa mbichi vile vile.

Kifaa hicho ni cha aina mbalimbali. Kuna kinachojirudisha chenyewe kikipoa, kwa hiyo iache mashine ipumzike nusu saa mlango ukiwa wazi kabla ya kujaribu tena. Kuna kinachorudishwa kwa kubonyeza kidude kidogo, ambacho kwenye mashine nyingi kiko nyuma, wakati mwingine ndani ya kitundu. Kitabu cha mashine huonyesha kilipo. Chomoa plagi, bonyeza hadi usikie mlio mdogo, chomeka, jaribu. Aina nyingine ni ile inayokatika mara moja tu kama fyuzi, na hiyo sharti ibadilishwe na fundi kwa kipya chenye namba ile ile ya joto. Fundi akitaka kuunganisha waya moja kwa moja bila kifaa hicho, mkatalie. Joto litarudi kweli, lakini hakutakuwa na kitu cha kulizuia lisichome nguo na nyumba.

Kama kifaa hicho kinakata mara kwa mara hata umeme usipokatika, usikilaumu. Angalia chujio. Vumbi la nyuzi lisipotolewa kila baada ya kukausha, hewa inapita kwa shida na joto linapanda. Toka nje pia uangalie bomba la kutolea hewa. Mashine iliyokaa tangu Mei huwa imepata wapangaji: manyigu hujenga kwenye mdomo wa bomba, na panya hulala ndani na kutafuna nyaya.

Lipo jambo jingine linalofanana na hitilafu ya hita, nalo ni umeme mdogo. Hesabu yake ni rahisi. Joto la hita hushuka kwa kasi kuliko volti zenyewe. Hita ya wati 2,500 iliyotengenezwa kwa volti 230, ikipata volti 180, hutoa takriban wati 1,530 tu, yaani karibu asilimia 61 ya joto lake. Shuka zilizokauka kwa saa moja sasa zitahitaji zaidi ya saa moja na nusu, na mota nayo inahangaika muda wote huo. Ukiona jioni taa zimefifia, subiri. Kukausha alfajiri, mtaa ukiwa bado umelala, kunaweza kukupa umeme ulioshiba.

Kwa wale walionunua mashine za mtumba, someni kibati kilichoko nyuma au mlangoni. Kiandikwe volti 220 hadi 240 na hezi 50. Mashine iliyotengenezwa kwa matumizi ya Marekani ina volti na hezi tofauti na zetu, na bei yake nzuri sokoni ina sababu.

Gadi, jenereta na hesabu ya uniti

Wengi huuliza kama gadi ya friji inaweza kulinda draya. Inategemea ampea zilizoandikwa juu yake. Gadi ndogo ya friji imetengenezwa kwa mzigo mdogo, na draya ya ampea 11 itaichoma. Tafuta ya ampea 16 au zaidi, yenye uwezo wa kuchelewesha umeme kwa dakika chache baada ya kurudi. Stabilaiza ya televisheni nayo haifai. Kama huwezi kupata gadi ya ukubwa huo, mkono wako na plagi vinafanya kazi ile ile bure, ilimradi kuwe na mtu.

Jenereta ni suala la kiuchumi zaidi kuliko la kiufundi. Vijenereta vidogo vya chini ya kilowati moja havisukumi draya kabisa. Jenereta kubwa ya petroli inaweza, lakini hutumia karibu nusu lita kwa kila uniti inayotoa. Tuseme petroli ni shilingi 3,000 kwa lita. Uniti moja ya jenereta inakugharimu shilingi 1,500 kwa mafuta peke yake. Linganisha na bei ya LUKU, ambayo unaipata kwa kugawa fedha uliyolipa kwa uniti ulizopewa. Tuseme ni shilingi 350. Unakausha kwa gharama mara nne na zaidi.

Tuchukue mfano wa gesti ya vyumba 12 ambayo vyumba vinane vimelala wageni. Kila chumba kina shuka mbili, foronya na taulo, tuseme kilo mbili zikiwa kavu. Jumla ni kilo 16. Nguo za pamba zilizokamuliwa kwa mkono hubaki na maji yanayokaribia uzito wake zenyewe, au zaidi. Zikikamuliwa kwa mashine yenye kasi nzuri, maji hubaki kama asilimia 60 ya uzito. Draya ya kawaida hutumia karibu uniti moja kuondoa kila lita moja ya maji.

Kwa hiyo nguo hizo zikikamuliwa kwa mkono utatumia uniti 16, sawa na shilingi 5,600 kwa siku. Zikikamuliwa kwa mashine ni chini ya uniti 10, yaani takriban shilingi 3,400. Tofauti ya shilingi 2,200 kwa siku, kwa siku 60 za mvua, ni shilingi 132,000. Zile mashine za mapipa mawili zilizojaa madukani zina pipa la kukamulia linalotumia wati mia chache tu, na hilo hata jenereta ya wastani inalisukuma. Umeme ukiwa wa shida, mafuta ya jenereta yatumike kukamulia, si kupashia joto.

Nikiulizwa na mwenye gesti ndogo anunue nini kwanza, jibu langu ni shuka za ziada. Seti tatu kwa kila kitanda, moja kitandani, moja kabatini na moja kambani, zinampa siku mbili za kusubiri jua. Banda la kuanikia lililo wazi pembeni na lenye bati za plastiki zinazopitisha mwanga linamaliza sehemu kubwa ya kazi iliyobaki. Mvua za Tabora mara nyingi huacha vipindi vya jua kati yake. Ila nguo zilizoanikwa kivulini zipigwe pasi ya moto pande zote mbili, kwa sababu yupo nzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi na funza wake huingia kwenye ngozi ya mvaaji. Mgeni akitoka gestini kwako na majipu ya namna hiyo harudi.

Draya inaanza kuwa na maana kwa mwenye vyumba vingi, mwenye mkataba wa kufulia taasisi, au dobi ambaye mteja wake anataka nguo kesho asubuhi na yuko tayari kulipia haraka hiyo.

Umeme mwingi hauzuii tawi kuanguka

Wapo wanaosema matatizo haya yamepitwa na wakati kwa kuwa nchi sasa ina umeme wa kutosha. Ni kweli kwamba bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, lilianza kuingiza umeme kwenye gridi mwaka 2024, na mgawo wa nchi nzima kama ule wa mwaka 2006 uliotokana na ukame ni jambo tofauti. Lakini draya ya Tabora haiharibiwi na mgawo unaotangazwa. Inaharibiwa na tawi la mwembe lililoangukia waya, radi iliyopiga transfoma na umeme unaokatika na kurudi mara tatu ndani ya dakika moja.

Ukiamini kwamba mashine yako imeharibiwa na hitilafu ya umeme wa mtaani, andika tarehe na saa, piga picha mita na kifaa kilichoungua, na usikubali fundi aondoke na kifaa hicho. Ulizia pia majirani walioharibikiwa siku hiyo hiyo. Malalamiko huanzia Tanesco, kwa maandishi, na usiporidhika yanaweza kupelekwa Ewura. Mlalamikaji mwenye saa kamili na kifaa mkononi husikilizwa kuliko aliye na maneno matupu.

Kwa mashine zilizokaa tangu Mei, ukaguzi ufanywe Oktoba, kabla ya mvua. Toa vumbi kwenye chujio na bomba, kagua nyuma kama kuna kinyesi cha panya, kaza soketi, na umwombe fundi apime waya wa ethi. Ardhi ya Tabora mwishoni mwa kiangazi ni kavu sana, na fimbo ya ethi iliyochomekwa kwenye mchanga mkavu haipeleki umeme ardhini ipasavyo. Mashine inayokung'ata kidogo ukiigusa kwa mikono yenye maji isitumike hadi hilo lirekebishwe. Kisha iendeshe bila nguo kwa dakika 15 ukiwa umesimama pale, na uweke mkono kwenye mdomo wa bomba la nje kuona kama hewa inatoka ya moto na kwa nguvu.